Ayala Mnono Naye Hupimwa

(Muziki wa kipindi. Unashuka. Mtangazaji.)

Salamu kwenu mlio Uvira, Bukavu na Goma, mlio Bujumbura na Rumonge, na nyinyi mlio kambini Nyarugusu na Nakivale. Salamu pia kwako wewe unayesoma maandishi ya kipindi hiki ukiwa mbali, katika nchi uliyopelekwa kuanza maisha upya, maana mazungumzo ya leo yanakuhusu wewe kwanza.

Mama mmoja ametutumia swali kwa sauti kutoka kambini. Mtoto wake wa kiume anaishi Marekani, jimbo la Iowa, na anafanya kazi pamoja na wenyeji wanaopenda kuwinda. Mmoja wao amempa zawadi, mfuko mzima wa nyama ya ayala. Jirani mwingine akamwambia asiile bado, aulize kwanza kama mnyama alipimwa. Kijana akampigia mama yake simu akicheka: mnyama alikuwa mnono, nyama haina hata doa, apimwe nini? Mama hakucheka. Anatuuliza huo ni ugonjwa gani, na unapimwaje ikiwa mnyama hakuonekana mgonjwa.

Asante, mama. Tuanze na mnyama mwenyewe, kwa sababu jina lake huchanganya watu. Wanaosoma Biblia wanamjua ayala kwa jina. Wengine humwita kulungu au swala, lakini kulungu na swala wetu ni ukoo mmoja na mbuzi na ng'ombe, na pembe zao hazianguki. Ayala ni ukoo mwingine: dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine. Huku kwetu kusini mwa Sahara ukoo huo haupo porini. Marekani wako kwa mamilioni, wanaingia mpaka kwenye bustani za watu, na kuwawinda majani ya miti yanapoanza kuanguka ni jambo la kawaida huko, kama kwetu kuvua ndagala.

Ugonjwa wenyewe tutauita ugonjwa wa kukonda. Kwa Kiingereza huandikwa kwa herufi tatu, CWD. Wewe uliye huko, zishike herufi hizo, kwani ndizo utakazoziona kwenye mabango na kwenye fomu. Ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1967, kwa ayala waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya utafiti mjini Fort Collins, jimbo la Colorado. Walikuwa wakikonda, wakitokwa na udenda, wakisimama wameinamisha vichwa, kisha wakifa. Ilidhaniwa ni chakula kibaya, au ni mnyama wa pori kushindwa kuzoea zizi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo daktari wa mifugo Elizabeth Williams alipotazama bongo zao kwa darubini akaona matundu madogo madogo, kama sifongo. Hapo ikajulikana kwamba ugonjwa huu ni ndugu wa ule unaoua kondoo kwa kuwala ubongo. Baadaye, mwaka 1986, Uingereza nayo iligundua ndugu mwingine wa ukoo huohuo, ugonjwa wa ng'ombe kichaa.

Mwaka 1981 ulikutwa porini, kwa elki, ambaye ni ayala mkubwa wa milimani. Tangu hapo umesambaa. Leo umepatikana katika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani, umepatikana Kanada, Korea Kusini, Norwe, Finland na Sweden. Iowa, anakoishi kijana wetu, uligunduliwa kwa ayala wa porini mwaka 2013. Afrika haujaripotiwa. Kwa hiyo mama, mbuzi wa jirani yako hapo kambini hana habari nao.

Sasa hilo la mnyama kuwa mnono. Ayala akishaambukizwa, hupita muda mrefu kabla hajaonyesha dalili, kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Muda wote huo anakula, anakimbia, anazaa, na anaambukiza wengine kwa mate, mkojo na kinyesi. Akianza kukonda, hadumu. Ama anakufa, ama gari linamgonga, ama wanyama wala nyama wanamkamata, kwa sababu hana tena akili ya kukimbia. Ndiyo maana ayala mwenye ugonjwa ambaye mwindaji anamleta nyumbani mara nyingi ni ayala anayeonekana mzima kabisa. Na kinyume chake pia ni kweli: ayala aliyekonda anaweza kuwa na njaa tu, au minyoo, au jeraha la zamani mguuni. Jicho haliwezi kuamua, liwe la mwindaji wa miaka 40 au la daktari.

Basi si apimwe damu? Hapa ndipo penye ugumu, na naomba unifuate polepole, kwa sababu vipimo unavyovijua wewe vyote hapa havifanyi kazi.

Fikiria vipimo vitatu ambavyo watu wetu wamevizoea. Kile cha Virusi Vya Ukimwi, tone la damu kidoleni: kipimo hicho hakitafuti kirusi chenyewe, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza baada ya kumwona adui. Kile cha malaria, cha vijistari viwili: hicho kinatafuta protini za vimelea vya malaria, vitu ambavyo mwili wa binadamu hautengenezi. Na kile cha Ebola, ambacho watu wa Beni na Butembo walikijua vizuri kuanzia mwaka 2018, mashine inayotoa jibu kwa saa chache: mashine hiyo inatafuta vinasaba vya kirusi, maandishi yake ya siri, na kuyanakili mara nyingi mpaka yaonekane.

Ugonjwa wa kukonda hauletwi na kirusi, wala bakteria, wala kimelea. Unaletwa na kitu kinachoitwa prioni. Prioni ni protini, na si protini ya kigeni. Ni protini ambayo ayala mwenyewe anayo mwilini tangu azaliwe, lakini imekunjwa vibaya. Chukua vitenge viwili vilivyokatwa kutoka kitambaa kimoja. Kimoja umekikunja vizuri ukakiweka sandukuni. Kingine kimeviringwa hovyo kikawa fundo. Nyuzi ni zilezile, rangi ni ileile, urefu ni uleule. Tofauti ni mkunjo tu. Ubaya wa lile fundo ni kwamba likigusana na kitenge kilichokunjwa vizuri, nacho kinajiviringa kama lenyewe, kisha kinaenda kuviringa cha tatu. Ndivyo ubongo unavyoharibika, taratibu, bila homa na bila usaha. Mwanasayansi Stanley Prusiner, aliyelipa jambo hili jina la prioni mwaka 1982, alibishiwa sana na wenzake, mpaka akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Sasa rudi kwenye vile vipimo vitatu. Kingamwili? Hakuna, kwa sababu mwili wa ayala unaiona protini hiyo kama yake, hautumi askari. Protini ya kigeni? Hakuna, ni yake mwenyewe. Vinasaba? Prioni haina vinasaba hata kidogo, hivyo ile mashine haina cha kunakili. Kinachobaki ni kwenda mahali ambapo mafundo hayo hujikusanya kwa wingi, kukata kipande, na kutafuta mkunjo mbaya katikati ya mikunjo mizuri. Mahali hapo ni kichwani. Kwa hiyo kipimo cha kawaida hufanyika mnyama akiwa amekwisha kufa. Si jambo geni kwetu: mbwa akishukiwa kuwa na kichaa, maabara haiombi damu yake, inaomba ubongo.

Mwindaji hufanyaje? Anakata kichwa pamoja na sehemu ya juu ya shingo, anakitia kwenye mfuko, anajaza karatasi: jina lake, namba ya kibali, tarehe, na mahali hasa mnyama alipouawa. Katika jimbo la Wisconsin, kwa mfano, kuna vibanda vya kujihudumia vilivyo wazi usiku na mchana. Mwindaji anaacha kichwa humo, anachukua kipande cha karatasi chenye namba, na baadaye anatazama jibu kwa namba hiyo kwenye intaneti. Huko Wisconsin halipi kitu. Kwingine analipa ada, na katika baadhi ya maeneo anaamriwa kupima, apende asipende.

Kutoka kichwani huchukuliwa vitu viwili. Cha kwanza ni mitoki miwili iliyo nyuma ya koo, zile tezi zenye umbo la harage ambazo hata kwa binadamu ndugu zake huvimba koo likiuma. Cha pili ni kipande kidogo cha shina la ubongo, pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo, penye alama kama herufi V. Kwa ayala wa kawaida, prioni huanza kujikusanya kwenye mitoki miezi mingi kabla ya kufika kwenye ubongo, kwa hiyo mitoki ndiyo hutoa habari mapema. Kwa elki mambo si hivyo kila mara. Wako ambao ubongo unao ugonjwa na mitoki haina. Ndiyo maana kwa elki hupimwa vyote viwili.

Mkono unaokata lazima uwe umefundishwa. Karibu na mitoki hiyo kuna tezi za mate, na kwa asiyejua zinafanana. Ukipeleka tezi ya mate, maabara itakurudishia kwamba sampuli haifai, na kichwa ulishakitupa. Risasi ikipita kichwani nayo huharibu. Kichwa kikioza juani siku kadhaa, vilevile. Wawindaji wengi wanayajua haya. Vijana wetu wanaokwenda kuwinda kwa mara ya kwanza pamoja na wenzao wa kazini huenda hawayajui, na ni vizuri waambiwe kabla ya kushika kisu.

Maabara kazi hugawanywa mara mbili. Kwanza kuna kipimo cha haraka, kinachofaa sampuli nyingi kwa pamoja. Kipande kinasagwa, kinatiwa kimeng'enya kinachomeng'enya protini za kawaida. Ile iliyokunjwa vibaya ni ngumu, haimeng'enyeki kirahisi, inabaki. Kisha hutiwa dawa inayoishika na kubadilisha rangi katika vishimo vidogo vya sahani ya plastiki. Kishimo kikibadilika rangi, mnyama huyo anashukiwa. Hapo hufuata kipimo cha pili, kile cha darubini, ambacho ndicho husema neno la mwisho. Kipande kilichohifadhiwa kwenye formalini hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi inayong'ang'ania prioni peke yake, na mtaalamu anatazama kwa macho yake mafundo yamekaa wapi. Marekani, jibu la kwanza la ugonjwa katika eneo jipya hupelekwa kuthibitishwa kwenye maabara kuu ya serikali ya magonjwa ya mifugo, iliyoko Ames, na Ames iko Iowa hukohuko kwa kijana wetu. Kuanzia kichwa kuachwa mpaka jibu kutoka huweza kupita siku chache, au wiki mbili, na msimu wa uwindaji ukichacha, zaidi ya hapo. Nyama inasubiri kwenye friza.

Na jibu lenyewe linasomwaje? Hapa kuna maneno mawili ya Kiingereza ambayo yanastahili kutafsiriwa vizuri, kwa sababu tumesikia yakitafsiriwa vibaya. Karatasi haitaandika kwamba nyama ni salama. Itaandika "not detected", maana yake haikugunduliwa. Si maneno ya kukwepa. Ayala aliyeambukizwa mwezi uliopita bado hana mafundo ya kutosha kwenye mitoki yake, na kipimo hakiwezi kuona kisichokuwepo. Kipimo hiki kilitengenezwa kuchunguza ugonjwa kwa wanyama, hakikutengenezwa kupitisha chakula. Hata hivyo, msikilizaji, usiende upande wa pili ukasema basi hakina maana. Kinawakamata wengi wa wale wenye ugonjwa uliokwisha kukomaa, na hao ndio wenye prioni nyingi mwilini.

Mfano wa Norwe unaonyesha vizuri. Machi 2016, katika milima ya Nordfjella, watafiti waliokuwa wakiwafunga wanyama mikanda ya kuwafuatilia walimkuta renidia jike akiwa mgonjwa. Renidia ni ayala wa nchi za baridi kali. Akafa, wakaupeleka mzoga kupimwa, na Ulaya ikapata mnyama wake wa kwanza mwenye ugonjwa huu. Serikali ikaamua kuliua kundi lote la eneo hilo, zaidi ya wanyama 2,000, na kazi ikamalizika mwaka 2018. Wote wakapimwa. Waliokutwa na ugonjwa, pamoja na yule wa kwanza, walikuwa 19, na baadhi yao prioni zilikuwa kwenye mitoki tu, ubongo ukiwa bado safi. Kama watu wangesubiri kuwaona wakikonda, kundi lingeendelea kutembea milimani.

Utauliza, je, mnyama aliye hai hapimwi kabisa? Hupimwa, lakini kwa shida. Kwa ayala wanaofugwa, daktari anaweza kukata kipande kidogo cha tezi za kooni au cha sehemu ya haja kubwa. Mnyama lazima akamatwe na atulizwe, na maambukizi mapya hupita bila kuonekana. Kuna pia kipimo kipya chenye kutia matumaini: sampuli kidogo sana, hata ya mate, hutiwa kwenye protini nzuri iliyotengenezwa maabara, inatikiswa na kupumzishwa kwa saa nyingi. Kama kuna fundo hata moja, linaanza kuviringa nyingine, na mwanga unawaka. Ni ujanja wa kuutumia ubaya wa prioni kuisaliti yenyewe. Maabara nyingi wanakitumia kwa utafiti. Kwa uamuzi, darubini bado ndiyo inayosikilizwa.

Tumjibu sasa mama jambo lililo moyoni mwake. Je, mtu huambukizwa? Mpaka leo hakuna binadamu hata mmoja aliyethibitishwa kuugua kwa kula ayala mwenye ugonjwa huu, ingawa wengi wamekwisha kula bila kujua. Lakini maabara imewahi kuwaambukiza aina moja ya nyani wadogo, na ulimwengu unakumbuka ng'ombe kichaa: ugonjwa uligunduliwa kwa ng'ombe mwaka 1986, watu wakaambiwa miaka yote hiyo kwamba nyama haina neno, na mwaka 1996 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba binadamu wanakufa. Uingereza peke yake ilipoteza watu 178. Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya wa Marekani wanasema wazi: ukiwa katika eneo lenye ugonjwa, fikiria sana kumpima mnyama kabla ya kumla, na akikutwa nao, usimle. Na kupika hakusaidii. Prioni haiuawi na sufuria, wala moshi, wala chumvi, wala friza, kwa sababu haiko hai.

Kwa hiyo kijana wetu amwulize rafiki yake maswali mawili: mnyama aliuawa wilaya gani, na jibu lake lilikuwa nini. Najua kwetu kumhoji mtu aliyekupa zawadi ni aibu. Huko wawindaji huulizana wenyewe kwa wenyewe, si tusi. Aulize pia kama nyama ilisagwa bucha, kwa kuwa baadhi ya mabucha huchanganya nyama ya wawindaji kadhaa, na hapo jibu la ayala mmoja halitoshi. Kama mnyama hakupimwa na kichwa kilishatupwa, nyama iliyo kwenye friza haiwezi kupelekwa maabara. Vipimo hivi havifanywi kwa mnofu. Kama eneo lina ugonjwa, mimi ningeiacha, ingawa najua nyama hiyo ni akiba ya wiki kadhaa kwa mtu mwenye watoto na kodi ya kulipa. Akimwomba rafiki yake msimu ujao ampatie ya mnyama aliyepimwa, hatamnyima.

Na ambaye amekwisha kula? Asihangaike hospitali, hakuna kipimo cha damu cha kumpima, na asinunue dawa ya mtu yeyote anayedai kusafisha mwili. Dawa hiyo haipo.

Kwa anayekwenda kuchinja mwenyewe: vaa glavu, usipasue ubongo wala uti wa mgongo, tumia visu vya peke yake. Watafiti wameonyesha kwamba dawa ya klorini ya kufulia, ikichanganywa sehemu mbili kwa tatu za maji, huua nguvu ya prioni juu ya chuma cha pua ndani ya dakika tano, lakini chuma kiwe kimesuguliwa kwanza, kwa sababu dawa haipenyi kwenye kipande cha nyama kilichoganda. Mifupa na kichwa usivitupe msituni wala kuvisafirisha kwenda jimbo jingine. Peleka kwenye jaa lililoruhusiwa, kwa kuwa udongo huweza kuitunza prioni kwa miaka.

Maswali yenu tunaendelea kuyapokea kwa sauti, kwa namba ileile. Kwaherini.

(Muziki unapanda.)